Sufuria Niliyomnunulia Shangazi

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko mtaani Biryogo, kwenye uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu, milango mitatu kutoka jikoni kwa shangazi yangu. Shangazi ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Kwa miaka mingi amekuwa akiuza chakula cha mchana: maharage, wali, ndizi za kupika, na pilau siku ya Ijumaa. Wateja wake ni mafundi nguo kama mimi, wenye maduka, na madereva wanaojua kwamba kwake sahani haipunjwi.

Maharage ndiyo yaliyokuwa yakimtesa. Alikuwa na mtungi wa gesi, lakini maharage hula gesi kwa muda wa saa tatu, basi alikuwa akirudi kwenye makaa, na makaa yalikuwa yakimkohoza. Mwaka ule nilipopata kazi ya kushona sare za shule nzima, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda mjini kumnunulia sufuria ya presha. Wazee wetu waliosoma Kifaransa huiita kokoti. Nililipa kwa simu, nikapanda nayo hadi nyumbani nikiwa nimeikumbatia.

Shangazi aliizunguka kama mtu anayemkagua mbuzi sokoni. Alikuwa amesikia habari za sufuria zinazolipuka.

"Nitajuaje kama imekuwa tayari kufunguliwa?" aliniuliza.

Nilimwonyesha. Juu ya kifuniko, karibu na mpini, kulikuwa na kidude chekundu, kidogo kama kifungo cha shati. Mvuke ukijaa ndani, kidude kinapanda na kukizuia kifuniko kisizunguke. Mvuke ukiisha, kinashuka, na kifuniko kinafunguka. Kijitabu kilichokuja nayo kilieleza hivyo, na kilikuwa na picha. Nilimsomea ukurasa wote mara mbili.

"Kwa hiyo kikiwa chini ni salama?"

"Kikiwa chini ni salama, shangazi."

Maneno hayo niliyasema mimi, na kwa muda mrefu baadaye niliyasikia kila nilipokaa kwenye cherehani.

Miezi minne ilipita vizuri. Maharage yaliiva kwa dakika arobaini, kikohozi kikapungua, na shangazi akaanza kuwasifia majirani sufuria yake mpaka mmoja wao naye akanunua ya aina hiyohiyo. Kwa kawaida alikuwa akizima gesi, anaswali, kisha anarudi kuifungua ikiwa imeshapoa. Lakini Ijumaa moja wateja walimjia mapema, kabla ya kwenda msikitini. Alizima gesi, akasimama akikitazama kile kidude. Kiliposhuka akashika mpini, akazungusha.

Nilisikia kishindo nikiwa nakata shingo ya gauni. Nilipofika, maharage yalikuwa kwenye dari. Shangazi alikuwa amekaa chini, ameegemea gunia la mchele, mkono wa kulia ameunyanyua mbele yake kama kwamba si wake. Hakulia. Alinitazama akasema, "Kilikuwa chini. Nilingoja kishuke."

Mtu mmoja alikuja mbio na dawa ya meno ya kumpaka. Mteja mwingine, mwanamke aliyewahi kufanya kazi zahanati, alimzuia, akaanza kummiminia maji baridi kutoka kwenye jerikani, polepole, jerikani baada ya jerikani, hadi gari lilipopatikana. Daktari alituambia baadaye kwamba maji yale yalisaidia sana. Hata hivyo mkono ulikuwa umeungua kuanzia vidole hadi kiwiko, na shingo, na sehemu ya kifua. Alilazwa wiki saba. Walichukua ngozi kwenye paja wakaipandikiza mkononi.

Wiki ya pili nilikwenda dukani nilikoinunua. Sikwenda kwa ugomvi. Nilitaka tu mtu aniambie kilichotokea. Muuzaji alinisikiliza, akaniambia pole, kisha akasema, "Mama alifungua kwa haraka. Hizi sufuria hazitaki haraka."

"Alingoja kidude kishuke. Kijitabu ndivyo kinavyosema."

"Pengine hakuona vizuri. Watu wazima, macho..."

Shangazi yangu anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nilitoka dukani kabla sijalia mbele yake.

Nilipomsimulia shangazi, alikuwa amelala na bandeji hadi begani. Alisema ilikuwa imeandikwa. "Mungu akitaka jambo likupate, litakupitia hata kwenye sufuria. Usiende tena kwa yule mtu." Nyumbani nilikuta ile sufuria pale jikoni, bado ina maharage yaliyokauka kwenye ukingo, na sikuweza kuitupa wala kuiosha. Niliifunga kwenye kitambaa nikaisukuma chini ya meza ya kukatia.

Karibu na msikiti kuna mzee anayetengeneza majiko na sufuria. Amekuwa pale tangu nikiwa mtoto. Siku moja nilimpelekea, nikamweleza yote. Hakugusa kitu kwanza. Aliinama akaitazama kwa muda, akanituma nimwite fundi wa matairi wa jirani aje na pampu yake, ile yenye saa ya kupimia upepo.

"Tuijaze upepo badala ya mvuke," alisema. "Upepo hauunguzi."

Walikifunga kifuniko, wakaunganisha mpira wa pampu kwenye tundu la mvuke, wakapiga. Kidude chekundu kilipanda. Kisha mzee akalegeza mpira, upepo ukaanza kutoka kidogokidogo, na sote watatu tukawa tunakitazama kile kidude. Kikashuka. Mzee akaubana mpira palepale.

"Soma saa," alimwambia fundi wa matairi.

Fundi alisoma, akasoma tena. "Hapana, upepo bado iko," alisema. "Hii bado iko na upepo mingi sana, muzehe."

Mzee alituambia tusogee. Alichukua fimbo ndefu, akausukuma mpini wa kifuniko kutoka mbali. Kifuniko kilizunguka laini kabisa, kisha kikaruka hadi kwenye ukuta, na kuku wa jirani wakatawanyika.

Mzee aliniambia niketi. Alinieleza kwamba ndani ya kidude kuna springi ndogo, na kwamba springi ile ilikuwa ngumu kupita kiasi, inakivuta kidude chini kabla ya mvuke kuisha. "Kidude hiki kinasema uongo," alisema. Kisha akaniuliza kama kuna mtu mwingine mwenye sufuria kama hii. Nilikimbia kwa yule jirani aliyeambukizwa sifa na shangazi. Ya kwake bado ilikuwa mpya. Wakaijaza upepo, wakaupunguza, kidude kikashuka, na fundi wa matairi akasoma namba ileile.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa kwa njia ya kazi yangu. Nikikosea mshono, gauni moja ndilo linaloharibika. Lakini kama karatasi yenyewe ya kukatia ina kosa, kila gauni litakalotoka kwenye karatasi ile litabana kwapani, hata nikilishona kwa ustadi wote niliopewa. Sufuria ya shangazi haikuwa mbovu peke yake. Karatasi ndiyo ilikuwa mbovu.

Nilimweleza hivyo mwanasheria siku ya kwanza nilipokutana naye. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenielekeza kwenye ofisi inayosaidia watu wasio na uwezo wa kulipa. Mwanasheria alikuwa mwanamke wa umri wangu, Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Aliacha kuandika aliponisikia.

"Rudia hilo la karatasi," alisema.

Nikarudia.

"Dada, watu husoma miaka ili waeleze jambo hilo." Akaniuliza kama yule mzee alifungua nati yoyote au kubadilisha chochote.

"Hapana. Alipima tu."

"Mungu mkubwa. Sasa sufuria hiyo usiiguse tena. Usiioshe. Tutaiweka hapa, imefungwa, tuandike nani ameileta na lini." Akataka ushahidi kwamba niliinunua duka lile. Karatasi ya risiti ilikuwa imeshapotea, lakini ujumbe wa malipo ulikuwa bado kwenye simu yangu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: ingegharimu nini kuitengeneza sufuria ile iwe salama? Nilimwambia mzee alisema springi laini, kitu cha bei ya pipi. Akaandika hilo na kulipigia mstari. "Basi ajali hii ingezuilika kwa bei ya pipi," alisema.

Alinieleza kwamba wenye bidhaa watasema mambo mawili. La kwanza, kwamba shangazi alikuwa na haraka. La pili, kwamba ni ajali moja tu katika sufuria nyingi zilizouzwa. "Mtu mmoja akiungua wanaita bahati mbaya," alisema. "Tafuta kama kuna mwingine. Na jambo lingine: mwenye madai ni shangazi yako, si wewe. Bila yeye kukubali siwezi kufanya kitu."

Hilo la mwisho ndilo lililonitia hofu. Shangazi alikuwa ametoka hospitali na hakutaka kulisikia. Alisema hajawahi kumshitaki mtu na hataanza uzeeni. Alisema pia kwamba watu watasema anatafuta mali kwenye kidonda chake. Nilimwelewa. Katika mtaa wetu neno kama hilo hukaa kuliko kovu.

Niliweka picha ya sufuria kwenye makundi ya simu ya wanawake wenzangu washonaji, nikauliza tu kama kuna aliyepata taabu nayo. Siku tatu kimya. Siku ya nne mwanamke mmoja alinipigia kutoka Masaka, pembeni mwa jiji letu. Sauti yake ilikuwa chini, kama mtu anayejificha kuongea.

"Ile yenye kidude chekundu?" aliuliza.

Nilichukua pikipiki hadi kwake. Ana shamba dogo la mboga nyuma ya nyumba, na alinipokea akiwa amejifunga kitambaa kilichofunika shavu moja. Alipokitoa niliona ngozi yenye rangi ya waridi kuanzia sikioni hadi kidevuni. Ilikuwa imepita karibu mwaka. Alikuwa na mtoto mgongoni siku ile, na mtoto hakuguswa hata na tone.

"Mume wangu alisema nilizembea," aliniambia. "Na mimi nikakubali. Nilisema labda sikukitazama vizuri kile kidude. Mwaka mzima nimekuwa nikikikumbuka, kilikuwa juu au chini? Siku nyingine nakiona juu. Siku nyingine nakiona chini."

Nilimweleza habari za pampu na saa ya upepo. Alinisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda nje kwenye mboga zake, akasimama huko akinipa mgongo. Nilimwacha. Aliporudi aliuliza kama anaweza kumwona shangazi yangu.

Alikuja Jumapili, baada ya kanisa, amebeba fungu la mboga. Shangazi alimkaribisha kama anavyomkaribisha kila mgeni, akamkalisha, akamuuliza habari za watoto. Kisha mgeni akafungua kitambaa chake. Shangazi alimtazama usoni kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono wake ulioungua, akauweka karibu na lile shavu bila kuligusa.

"Nani amekwambia ni kosa lako?" aliuliza.

"Kila mtu. Na mimi mwenyewe."

Shangazi alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akarudi. Nilipokuwa naosha vikombe alisema nyuma yangu, "Mimi nilisema ni Mungu, nikalala. Huyu amelala na aibu mwaka mzima kwa kosa la mtu mwingine. Mpigie yule mwanasheria wako."

Kesi haikuwa kama nilivyoifikiria. Hakukuwa na kelele. Kulikuwa na karatasi, kungoja, na safari za kwenda kuambiwa rudini tarehe fulani. Mwagizaji wa sufuria zile alileta mwanasheria wake, kijana mpole mwenye tai, aliyeandika kwamba kijitabu kilitoa maonyo ya kutosha. Mwanasheria wetu aliomba mtu asiye upande wowote azipime, na mwalimu wa chuo cha ufundi akateuliwa. Alipima nne, mbili zetu, ya shangazi na ya jirani, na mbili mpya kutoka dukani. Ripoti yake ilikuwa na michoro na namba nyingi, lakini ilisema kile alichosema mzee wetu pale karibu na msikiti. Nilimsomea mzee sehemu yenyewe. Aliomba nimsomee tena, na fundi wa matairi asikie.

Kabla ya kufika mbele ya hakimu tuliitwa kwenye kikao cha upatanishi, katika chumba kidogo chenye meza ya mviringo. Mpatanishi alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. Mwagizaji mwenyewe alikuja, mwanamume wa umri wa kaka yangu, na alituamkia sote kwa heshima. Sufuria ya shangazi ilikuwa mezani. Alieleza kwamba anasikitika sana, kwamba yeye haitengenezi, anainunua tu nje na kuileta, na kwamba sufuria ikitumiwa kwa uangalifu haina shida.

Shangazi aliomba kuongea. Alizungumza Kinyarwanda, taratibu.

"Mwanangu, mimi sina hasira na wewe. Nataka kukuomba kitu kimoja. Mzee wetu na fundi wa matairi wako hapo nje na pampu yao. Waijaze upepo tu, si mvuke. Wangoje kidude kishuke. Kisha wewe uifungue kwa mkono wako."

Mwagizaji aliitazama sufuria, halafu akautazama mkono wa shangazi uliokuwa juu ya meza. Ile ngozi mpya ilikuwa inang'aa.

"Sitaifungua, mama," alisema mwishowe.

"Sawa. Basi na mwingine asiifungue."

Siku hiyohiyo walikubali kulipa matibabu ya shangazi na ya mwanamke wa Masaka, na miezi yote ambayo hawakuweza kufanya kazi. Nilidhani tumemaliza. Lakini shangazi alikataa kutia saini hadi iandikwe kwamba sufuria zote zitarudishwa na watu watatangaziwa redioni. Tangazo ndilo walilolikataa. Walisema litaharibu jina la biashara. Walikuwa tayari kuongeza fidia ikiwa jambo lingeisha kimyakimya, na nakiri kwamba mimi, niliyekuwa nimeanza kuchoka, nilimwambia shangazi achukue. Aliniuliza kama ningemuuzia mteja gauni nikijua karatasi ni mbovu. Sikumshauri tena.

Ilichukua miezi mingine mitano. Mwanamke wa Masaka naye alikataa kutia saini peke yake, ingawa alikuwa na shida kuliko sisi. Mwanasheria wetu aliendelea kuandika barua. Mwishowe mwagizaji mwenyewe alimpigia simu, bila kupitia kwa kijana wake, akasema tangazo litatoka. Sijui kilichombadilisha. Mwanasheria wetu anadhani aliogopa hakimu. Shangazi anadhani alikwenda nyumbani akaiona moja jikoni kwa mkewe.

Tangazo lilisomwa kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, juma zima, asubuhi na mchana. Tulikwenda dukani kuona. Foleni ilitoka mlangoni hadi barabarani, wanawake wengi na wanaume wachache, sufuria zimefungwa kwenye vitenge au zimebebwa kichwani. Kila anayerudisha alipewa ya aina nyingine, yenye springi nyingine. Shangazi alimsogelea mwanamke mmoja aliyekuwa na mbili. Alikuwa akiwapikia wajenzi huko Kinyinya, watu hamsini kwa siku.

"Yangu hii mara nyingine ilikuwa inatema nikiifungua," alimwambia shangazi. "Nikadhani ndivyo zilivyo."

"Sivyo zilivyo," alisema shangazi. Hakumwambia yeye ni nani. Mkono alikuwa ameuficha ndani ya mtandio.

Sasa amerudi jikoni, ingawa ameajiri msichana wa kunyanyua vitu vizito. Mboga anazinunua kwa yule mama wa Masaka, anayekuja kila Jumanne na siku hizi hafuniki shavu. Maharage anayapika kwenye sufuria ya presha. Nilimuuliza kama haogopi. Alisema anaogopa, na kwamba anaswali kwanza ndipo anaifungua.

Wauguzi walimwambia avizoeze vidole kwa vitu vidogo, basi kila alasiri, biashara ikishatulia, anakuja kukaa kwenye benchi langu, nampa kopo la vifungo na shati lisilomalizika. Mwanzoni alikuwa akidondosha vifungo kumi kabla ya kushona kimoja, nami nilikuwa naviokota nikijifanya sioni. Jana ameshona mashati mawili. Mteja mmoja alilishika moja, akavuta kifungo kuona kama kimekaza, kisha akauliza ni nani amekishona, kwa sababu vyangu mimi huwa vinalegea.